KUSEMA NA WATU: ELIMU YA ULIMI KAZINI NA MTAANI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na akamfundisha kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu msomaji, somo la Ijumaa hii linahusu kipande kidogo cha nyama kilicho ndani ya kinywa. Tunawafundisha watoto wetu kutawadha, kuhesabu na kuandika, lakini ni wachache wanaofundishwa kusimama mbele ya watu na kusema jambo likaeleweka. Ukiangalia vizuri, mambo mengi ya maisha yetu hapa Bunia huamuliwa kwa maneno. Mwashi hupata kazi au huikosa kwa jinsi alivyomweleza mwenye nyumba. Mjane hupata haki yake ya parseli au huipoteza kwa jinsi alivyosema mbele ya shefu wa karchie. Kijana aliyeshikwa na kundi la watu wenye hasira huishi au hufa kwa sababu mtu mmoja alijua la kusema, au hakuna aliyejua.

Methali ya Kiswahili inasema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Sisi wa Ituri tumejua pia kwamba maneno mabaya humwingiza nyoka nyumbani. Kwa hiyo tuisome elimu hii kwa pande zote mbili.

1. KUSEMA KUNA KUJIFUNZA

Wengi hudhani kwamba msemaji huzaliwa hivyo, na asiyejaliwa hana la kufanya. Sivyo. Tazama habari ya Nabii Musa (a.s.) katika Sura Twaha, aya ya 25 na zinazofuata. Alipotumwa kwa Firauni aliomba mambo kwa mpango: kifua chake kikunjuliwe, jambo lake liwe jepesi, na fundo la ulimi wake lifunguliwe ili watu wafahamu maneno yake. Kisha akaomba msaidizi, ndugu yake Harun, na katika Sura Al-Qasas anamsifu kwamba ni mfasaha zaidi yake. Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza, hata mteule wa Mwenyezi Mungu alijua upungufu wake akauombea. La pili, lengo la kufunguliwa ulimi lilikuwa watu wafahamu. Hakuomba ili watu wamshangilie.

Wanazuoni wa zamani waliifanya elimu hii kuwa somo kamili. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu mwaka 868, aliandika kitabu kikubwa juu ya ufasaha na ubainifu. Ndani yake anamtaja Wasil bin Ata, ambaye tunamtaja kwa mfano huu tu wala si kwa kufuata madhehebu yake. Bwana huyu alishindwa kuitamka herufi ya ra. Badala ya kunyamaza alijizoeza kuchagua maneno yasiyo na herufi hiyo, hata akahutubia mbele ya gavana bila kuitumia hata mara moja. Ndugu yangu mwenye kigugumizi, au wewe unayeona haya kwa sababu hukumaliza shule, mfikirie mtu huyo.

Hapa kwetu tunaye Patrice Lumumba. Hakutoka chuo kikuu. Alikuwa karani wa posta Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, katika jimbo kubwa ambalo Ituri ilikuwa sehemu yake. Huko alishika uongozi wa vyama mbalimbali vya wafanyakazi na wasomi. Kuandika ripoti za mikutano, kuongoza mabishano na kujibu maswali ya wanachama vilimfanya kuwa msemaji miaka mingi kabla ya hotuba ya 30 Juni 1960. Basi usidharau kikao cha likelemba yenu wala komite ya wazazi. Hayo ndiyo madarasa.

2. NGUZO TATU ZA KUSHAWISHI

Aristotle wa Ugiriki alisema kwamba msikilizaji hushawishika kwa njia tatu, na Ibn Rushd wa Qurtuba, aliyefariki mwaka 1198, akakisherehesha kitabu chake kwa Kiarabu. Tuzieleze kwa lugha yetu.

Nguzo ya kwanza ni UAMINIFU WA MSEMAJI. Kabla watu hawajasikia maneno, huangalia nani anasema. Mtume wetu (s.a.w.) kabla ya kupewa utume alikwishaitwa Al-Amin. Alipopanda mlima Safa akawaita Maquraishi, aliwauliza kwanza kama wangemwamini akiwaambia kwamba wapanda farasi wako nyuma ya mlima. Wakakubali kwamba hawajapata kumwona akisema uongo. Ndipo akasema aliyotaka kusema. Ukikopa hulipi, usitegemee kwamba siku ya mkutano watu watakusikiliza juu ya fedha za chama.

Nguzo ya pili ni HOJA. Watu wapewe sababu wanazoweza kuzipima: hesabu, ushahidi, mfano waliouona kwa macho yao. Ukisema bei ya unga imepanda, sema ilikuwa ngapi mwezi uliopita na ngapi leo, na barabara gani imeharibika.

Nguzo ya tatu ni MOYO WA MSIKILIZAJI. Mtu mwenye njaa, mwenye hofu au mwenye kilio hasikii hoja kama mtu aliyeshiba. Lazima ujue amebeba nini kabla ya kumwongezea mzigo wa maneno yako.

Nyumba yenye nguzo moja huanguka. Mwenye hoja bila uaminifu huitwa mjanja. Mwenye uaminifu bila hoja huitwa mtu mwema, kisha watu hufuata la mwingine. Na mwenye kuchochea moyo bila hoja wala uaminifu ndiye mwenye kuchoma miji.

3. MFANO WA JA'FAR MBELE YA NAJASHI

Somo zuri la kupanga maneno lilitolewa hapa hapa Afrika. Karibu mwaka 615 Waislamu wa kwanza walikimbilia Habasha, walikuwa wakimbizi kama wengi wetu tulivyowahi kuwa. Maquraishi wakawatuma watu wawili wenye zawadi kwa Najashi ili wakimbizi warudishwe. Mfalme hakukubali kuwatoa kabla ya kuwasikia, na wakimbizi wakamchagua Ja'far bin Abi Talib aseme kwa niaba yao.

Angalia mpango wake. Alianza kwa kueleza walivyokuwa zamani: waabudu masanamu, wenye nguvu wakiwala wanyonge. Hakuwatukana maadui zake, alikiri ubaya wa jamii yake mwenyewe. Pili alieleza nani aliyewajia na anafundisha nini: kusema kweli, kurudisha amana, kuunga udugu, kutunza jirani. Tatu alieleza mateso waliyoyapata. Nne alieleza kwa nini walichagua nchi ya Najashi kuliko nyingine: walitumaini hawatadhulumiwa kwake. Mfalme alipotaka kusikia kitu alicholeta Mtume, Ja'far alichagua mwanzo wa Sura Maryam, kwa kuwa msikilizaji wake alikuwa Mkristo. Najashi akalia, akakataa kuwatoa wakimbizi.

Siku ya pili wapinzani walirudi na swali la mtego juu ya Nabii Isa. Wakimbizi waliogopa, lakini waliamua kusema kile wanachokiamini bila kupunguza. Na haikuwaharibia: zawadi za Maquraishi zikarudishwa.

Hii ndiyo ngazi ambayo unaweza kuitumia mbele ya mkubwa yeyote: tulivyokuwa, kilichotokea, tunachoumia, tunachoomba na kwa nini tunakuomba wewe. Ngazi nne, maneno machache.

4. MFANO WA KWETU: UGONJWA WA EBOLA

Sasa tutazame jambo tuliloliona wenyewe. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, na Ituri ikaguswa pia, upande wa Mandima, Mambasa na Komanda. Ulipotangazwa mwisho wake tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 3,400 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki.

Dawa ya chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Madaktari walikuwapo. Kilichokosekana mwanzoni ni watu kuamini. Kwa nini? Kwa sababu msemaji alikuwa mgeni, amevaa nguo zinazomficha uso, mara nyingine anasindikizwa na askari. Kwa sababu Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo kwa kutajwa Ebola, na watu wakasema basi ugonjwa ni siasa. Kwa sababu watu waliokuwa wameuawa kwa mapanga miaka mingi bila msaada waliona magari mengi yamefika kwa ugonjwa mmoja. Nguzo ya kwanza ilikuwa imevunjika, na nguzo ya tatu haikuguswa. Hoja peke yake haikuweza kubeba nyumba. Matokeo yake wagonjwa walifichwa, vituo vikashambuliwa, na waganga wakauawa. Mmoja wao ni Dokta Richard Mouzoko kutoka Kameruni, aliyeuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019.

Nini kilisaidia? Wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walianza kuandika maswali na malalamiko ya watu, wakayapeleka kwa wakubwa. Watu walisema: hatujui kilicho ndani ya mfuko wa maiti. Ikaletwa mifuko yenye sehemu ya kuonea, familia ikamwona maiti wao. Watu walisema: mgonjwa akiingia kituoni hatumwoni tena. Vikaletwa vyumba vya plastiki inayopitisha mwanga, mama akaweza kumwona mtoto wake na kusema naye. Waliopona wakawa wasemaji, wakawalea watoto wachanga ambao mama zao walilazwa. Hakuna hotuba inayoshinda mtu aliyepona akisimama mbele yako.

Na katika mazishi, palipokuwa na hatari ya kumwosha maiti, sheria yetu ina njia ya tayammum, na pakiwa na madhara, dharura ina hukumu zake. Mwongozo wa mazishi ya salama na ya heshima uliotolewa mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, ulitungwa pamoja na mashirika ya dini, ya Kiislamu na ya Kikristo, na jambo hilo limo. Mgeni anayesema "ni marufuku kuosha maiti" huleta ugomvi. Mwalimu wa dini anayesema "dini yako imekupa njia" humtoa mtu katika hofu. Ujumbe ni uleule, ila wa pili umepitia mlango wa nyumba.

Funzo ni hili: kabla ya kusema, sikiliza; na ukishasikiliza, badilisha kitu ili watu waone kwamba ulisikia.

5. MFANO WA MAMA MMOJA WA ITURI

Baadhi ya wanaume hudhani kwamba kusema hadharani ni kazi yao. Mwaka 2003, mji huu ulipokuwa umejaa silaha na maiti, ilikaa hapa Bunia, mwezi wa Aprili, kamati ya kutuliza Ituri, na likazaliwa baraza la muda. Aliyechaguliwa kuliongoza ni mwanamke, Mama Pétronille Vaweka, na baadaye akawa mkuu wa distrikti ya Ituri. Alijulikana kwa kwenda kuongea na wenye bunduki mahali walipo. Hakuwa na bunduki wala fedha ya kuwapa. Mwaka 2023 taasisi ya amani ya Marekani ilimpa tuzo ya wanawake wanaojenga amani.

Tujiulize: mama wa watu anapata wapi nguvu ya kusema na kijana mwenye silaha? Kijana huyo ana mama. Anapoitwa "mwanangu" na mtu anayemaanisha, kuna kitu ndani yake kinachoitika. Dada zetu na mama zetu, kauli ya mama ni mamlaka. Msiiache nyumbani mnapokwenda mkutanoni.

6. KATIKA KAZI

Sasa tuingie katika mambo ya kila siku.

Fundi anayetafuta kazi. Mwenye nyumba akikuuliza bei, usitaje namba moja kubwa kisha ukaanza kuapa. Kaa naye, andika devi: simenti mifuko kadhaa, mchanga safari kadhaa, mabati, misumari, siku za kazi. Mwambie: "Mzee, hapa unaweza kupunguza, lakini hapa ukipunguza mvua ya Novemba itakuonyesha." Aliyeambiwa ukweli kuhusu mahali pa kupunguza atakuamini kuhusu mahali pasipopunguzwa. Na viapo viacheni. Mtume (s.a.w.) alikataza kukithirisha viapo katika biashara, kwa kuwa vinauza mali na kuondoa baraka.

Mama wa sokoni. Mteja akisema samaki wa jirani ni bei rahisi, usimtukane jirani. Sema sifa ya samaki wako: ametoka Tchomia lini, amekaushwa vipi. Anayemsema vibaya mwenzake humfundisha mteja kwamba naye atasemwa akiondoka.

Mfanyakazi anayedai mshahara uliochelewa. Usiende ukiwa na hasira, wala usiende siku patron amefiwa au ana wageni. Omba muda. Tumia ngazi ya Ja'far: "Patron, tumefanya kazi pamoja miaka mitatu kwa heshima. Miezi miwili sasa sijapata kitu. Watoto wamerudishwa shuleni. Naomba unipe hata nusu wiki hii, na tuandike tarehe ya nusu nyingine." Ombi lenye kiasi na tarehe hujibiwa ndiyo au hapana. Malalamiko yasiyo na ombi hujibiwa "tutaona".

Kijana anayeulizwa maswali ya kazi katika shirika. Jibu lililoulizwa. Ukiulizwa umefanya nini, taja kazi moja uliyoifanya mwanzo hadi mwisho, mahali na mwaka. Usijisifu kwa maneno makubwa ya Kifaransa usiyoyamudu. Ukiwa hujui, sema hujui, kisha sema ungemwuliza nani. Wenye kuajiri huogopa zaidi mtu anayejifanya kujua.

Mwenye kuongoza wengine. Kosa la mtu mmoja lisemwe kwake peke yake. Mtume (s.a.w.) alipoona jambo baya kwa watu alikuwa akiuliza wana nini watu wanaofanya hivi na hivi, bila kutaja jina. Mkosaji alijijua, na heshima yake ikabaki.

7. KATIKA MKUTANO WA MTAA

Kwanza, jua unataka watu wafanye nini watakapoinuka kwenye viti. Kama huwezi kulisema kwa sentensi moja, bado hujawa tayari kusema. "Nataka kila nyumba itoe mtu mmoja Jumamosi tuzibue mtaro." Hiyo ni sentensi. "Nataka kuongea juu ya usafi" si kitu.

Pili, fupisha. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba urefu wa sala ya mtu na ufupi wa hotuba yake ni dalili ya kufahamu kwake. Na Bi Aisha (r.a.) alieleza kwamba Mtume alikuwa akisema kwa utulivu, hata mtu akitaka kuyahesabu maneno yake angeyahesabu. Jambo zito alilirudia mara tatu. Sisi tunarudia jambo jepesi mara kumi, na lile zito tunalipita mbio kwa sababu mvua imekaribia.

Tatu, chagua lugha. Katika mtaa wetu anakaa Mhema, Mlendu, Malur, Mubira, Mnande na wengine. Kiswahili ndicho kiti chetu sote. Ukianza kusema lugha ya nyumbani kwako katikati ya mkutano, hata kama ni salamu, kuna atakayejiuliza unaficha nini. Na ukisema Kifaransa ili mama wa mihogo asielewe, umemtoa nje ya mkutano bila kufungua mlango.

Nne, jibu upinzani kwa kuurudia vizuri. Mpinzani wako akimaliza, sema: "Nimekusikia, baba. Unaogopa kwamba fedha zitaliwa kama za mwaka jana. Ni kweli zililiwa. Kwa hiyo tunaomba wahifadhi watatu wenye funguo tatu." Ukirudia hoja yake kwa haki, nusu ya hasira yake inaondoka.

Tano, uliza kuliko kushutumu. Kijana mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akaomba ruhusa ya zinaa. Masahaba walimkaripia. Mtume akamketisha karibu, akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake. Kila mara kijana alijibu hapana, na mwisho akaombewa dua. Aliondoka akiwa amejishawishi mwenyewe kwa majibu yake.

8. MBELE YA KUNDI LENYE HASIRA

Ndugu msomaji, sehemu hii uisome mara mbili. Kila mwaka katika miji yetu watu huuawa na kundi kwa kuitwa mwizi, mchawi au mpelelezi. Baadhi yao hawakuwa hivyo, na aliyekuwa mwizi naye ana haki ya kuhukumiwa.

Kundi halina masikio, lakini watu ndani ya kundi wanayo. Kwa hiyo usipige kelele kwa kundi lote. Kwanza tuma mtu aite polisi na shefu, na utafute wenzako wawili au watatu. Usiende peke yako. Tafuta mtu unayemjua ndani ya kundi, umwite kwa jina lake: "Baba fulani, wewe ni jirani yangu, njoo." Mtu aliyeitwa kwa jina hutoka katika kundi na kurudi kuwa mtu. Uliza swali linalohitaji jibu: "Nani aliyemwona kwa macho yake?" Mara nyingi utasikia kila mmoja aliambiwa na mwingine. Kisha wape kazi: mmoja ashike kitu kilichoibwa, mwingine aandike majina ya mashahidi, wengine wamzunguke mshikwa mpaka polisi wafike. Mikono yenye kazi haiokoti mawe. Mtume alimuusia mwenye hasira akiwa amesimama akae. Ukiweza kulifanya kundi likae chini, hata kwa kisingizio cha kusikiliza, umeshapata nusu ya ushindi.

9. MPAKA WA ELIMU HII

Silaha hii ina makali pande zote. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na redio iliyoitwa RTLM, iliyoanza mwaka 1993. Watangazaji wake walikuwa hodari wa utani na muziki, vijana wakawapenda. Mwaka 1994 ulimi huo ukataja majina ya watu wa kuuawa. Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu wakubwa wa redio hiyo pamoja na mwenye gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo, lakini haikuwaachia huru.

Tusitazame mbali. Tarehe 12 Februari 2003, Rwampara hapa karibu, ilirekodiwa hotuba ya kiongozi akiwatia moyo waliokuwa wakifunzwa vita, na watoto wakiwamo. Picha hizo zilitazamwa na mahakimu huko The Hague katika kesi ya Thomas Lubanga, aliyepatikana na hatia Machi 2012 kwa kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita. Hatutaji jambo hili kwa ajili ya kabila lolote, kwa kuwa makadogo walikuwa katika kila upande. Tunataja ili ujue kwamba neno halipotei. Dunia ilirekodi kwa kamera, na Malaika wawili wanaandika bila kamera.

Leo kila mtu ana redio mfukoni. Sauti ya dakika moja katika telefone, isiyo na jina wala tarehe, inaweza kufika Mudzipela na Nyakasanza kabla ya adhana ijayo. Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuchunguze habari tunapoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kabla ya kutuma jiulize: nani amesema? Alikuwepo? Ni ya lini? Nikituma nani atafaidika, na nani atakimbia nyumba yake usiku? Usipokuwa na jibu, vidole vyako vifunge saumu.

Na kweli nayo ina gharama. Mwezi wa Mei 2021, mjini Beni, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akikemea hadharani makundi yanayoua raia, alipigwa risasi msikitini wakati wa sala. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kifo chake hakitufundishi kunyamaza. Kinatufundisha kwamba neno zito halifai kuachiwa mtu mmoja alibebe. Maimamu, mapadri, wachungaji, wamama wa soko na vijana wa motari wakisema neno moja siku moja, hakuna wa kumlenga.

10. MAZOEZI YA WIKI HII

Elimu isiyotendwa ni kama mbegu kwenye sahani. Fanyeni haya nyumbani na darasani:

a) Chagua jambo moja unalotaka kuomba kazini au mtaani. Liandike kwa sentensi moja. Kisha lipange kwa ngazi nne za Ja'far, na uliseme kwa dakika tatu mbele ya mke wako, mume wako au ndugu yako. Mwambie akuambie alichoelewa. Kama alichoelewa si ulichokusudia, kosa si lake.

b) Siku nzima moja, usimkatize mtu yeyote anaposema. Ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana.

c) Wazazi, kila usiku mtoto mmoja asimame aeleze jambo moja aliloliona njiani, wengine wanyamaze. Msimcheke. Mtoto aliyechekwa akisema mara ya kwanza huenda asiseme tena.

d) Futa habari moja katika telefone yako ambayo ulitaka kuituma bila kuichunguza.

MASWALI YA KUJADILI BAADA YA SALA

Ni nguzo gani kati ya tatu inayokosekana zaidi katika viongozi wa mtaa wetu, na ipi inakosekana kwetu sisi? Kama ugonjwa mwingine ukitufikia kesho, nani katika avenyu yako angeaminiwa na nyumba zote, na kwa nini si wewe?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atufungulie vifundo vya ndimi zetu, azifanye kauli zetu kuwa sababu ya amani Bunia na Ituri nzima, na atulinde na neno ambalo tutatamani tusingelisema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina majina matukufu. Ukimaliza kuisoma mpe jirani, usiitupe mahali pachafu wala usifungie maandazi.)